Miaka 6 tunaishi pamoja, msibani kwao wakaitwa wakwe mbele nami nikabaki nimekaa na dereva

fundi_grili

Wakuu habari za usiku. Mniwie radhi uzi utakuwa mrefu maana hili jambo nina wiki ya tatu nalo kifuani, na kila nikitaka kumwelezea mtu ananipa pole ya msiba anaishia hapo, wakati kinachoniuma mi si msiba peke yake.

Mi ni fundi aluminiamu, madirisha, milango, na grili nachomelea pia. Naishi Kimara, ndani ndani huko. Na waifu (najua mtauliza waifu wa wapi, subirini) tuko pamoja toka 2019. Hatujawahi kukaa tukasema haya leo tunaanza kuishi pamoja. Yeye alikuwa amepanga Tabata, anakuja kwangu ijumaa jioni na kimkoba, jumapili anarudi. Mara akaacha kanga. Mara akaacha mswaki. Mara akaleta pasi maana yangu ilikuwa inaunguza kola. Siku nyingine narudi kazini nakuta mtungi mdogo wa gesi na sufuria tatu, lile jiko langu la mchina sijui lilienda wapi mpaka leo. Kodi yake ilipoisha mwenye nyumba akataka miezi sita kwa mkupuo, elfu tisini mara sita, tukapiga hesabu pale pale kitandani tukaona ni ujinga kumpa mtu laki tano na arobaini kwa chumba ambacho nusu ya wiki hakilaliwi. Akahamia. Hiyo ndo harusi yetu wakuu, kirikuu moja na godoro la tano kwa sita.

Baada ya hapo maisha yakatuandika yenyewe. Kwa mjumbe tupo kwenye daftari mke na mume, hakuna aliyeuliza cheti. Alipobeba mimba kliniki wakamwambia aje na mwenza wake, nikaenda, nikatobolewa kidole, nikaandikwa kwenye kadi. Cheti cha kuzaliwa cha binti kina jina langu na lake. Kikundi cha kufa na kuzikana pale mtaani tunachangia kama kaya moja. Muulize mtu yeyote kuanzia mama wa genge mpaka mwenyekiti wa mtaa, atakwambia wale mke na mume, tena wametulia.

Mahari? Nilikuwa napeleka. Kila mwaka nilikuwa napeleka. 2020 nikaweka milioni na laki mbili, ikaja corona, tenda za madirisha zikakauka, tukaila. 2021 mtoto. 2022 tukapata kiwanja cha bei nzuri huko Kibamba tukasema tukikiacha hatukipati tena. Yani sikuwahi kukaa nikasema siendi, ila kila mara kulikuwa na kitu mbele yake kwenye foleni.

Sasa mama yake. Huyu mama alikuwa ananipigia jumapili akitoka kanisani, "mkwe wangu hujambo, lini unakuja nikuone kwa miguu yako?" Nami naitika, mama mwaka huu. Mwaka juzi alikuja kutolewa mtoto wa jicho akakaa kwetu wiki tatu, akawa analala kitandani na waifu na mjukuu, mi nalala sebuleni kwenye mkeka. Hospitali nimeandika mimi kwa mkono wangu, uhusiano na mgonjwa: MKWE. Hakuna aliyebisha. Asubuhi nikimpelekea chai ananibariki kwa kilugha chao, sielewi neno hata moja ila naitika amina.

Mwezi wa tano presha ikampanda akiwa shamba, akadondoka, hakufika hospitali. Kwao ni Iramba, Singida. Tukakodi Coaster ndugu wa Dar, nikatoa laki nane yangu kwenye hiyo Coaster na laki tano na nusu ya jeneza nikatuma kwa simu kwa shemeji mkubwa. Tukatoka saa kumi alfajiri, Misigiri tunakata kwenda Kiomboi giza limeshaingia. Wanawake wakaingia ndani wanalia, sisi wanaume nje kwenye turubai tunaota moto. Mzee mmoja akanisogelea akaniuliza kijana umefuatana na nani, nikamtaja waifu. Akasema, "Aaah. Wewe ndo dereva."

Nikacheka. Niliona ni bahati mbaya.

Kesho yake ibada nje pale kwao, unasomwa wasifu wa marehemu. Ameacha watoto watano na wajukuu tisa. Nikahesabu kwa vidole chini ya kofia. Wajukuu ni kumi. Wa kumi nimempakata mimi, anakula biskuti.

Likaja suala la mashada. Wakaitwa watoto. Wakaitwa wajukuu. Wakaitwa "wakwe, waliooa katika nyumba hii", wakasimama wawili. Mmoja wao ametengana na mkewe mwaka wa tatu, anaishi Arusha na mwanamke mwingine na kila mtu pale anajua, ila alipita mbele na suti yake akaweka shada akapigwa picha, kwa sababu ng'ombe wake walifika. Mimi nilikuwa nimeshainuka nusu. Mshehereshaji akaniangalia akaangalia karatasi yake, akasema "marafiki na majirani tutawaita baadae". Nikakaa. Dereva wa Coaster alikuwa kiti cha pembeni akanipa pipi.

Siku ya kuanua matanga baba mdogo wake akaniita nyuma ya zizi. Hakufoka. Akasema kijana, ile hela ya jeneza tumeipokea kama rambirambi, tunashukuru, tumeiandika kwenye daftari. Ng'ombe hatujaziona. Halafu akanipa mkono.

Njiani kurudi waifu hakuongea mpaka Dodoma. Akaniambia kitu kimoja tu, kwamba mama yake alikuwa anamuuliza kila jumapili na yeye kila jumapili alikuwa anadanganya kwa niaba yangu. Toka hapo ananipikia, ananifulia, ila hayupo.

Wakuu nauliza, niende bomani tuandikishwe yaishe, au nirudi Iramba nikatozwe? Na nikirudi naenda kama nani, maana aliyekuwa ananiita mkwe ndo alikuwa ndani ya lile jeneza.

chapati_mbili

"Wewe ndo dereva" 😂😂😂 samahani mkuu nimecheka halafu nimejisikia vibaya. Pole sana asee. Mi mwenyewe nasoma huu uzi nimelala pembeni ya mtu mwaka wa tatu, kwao Njombe sipajui hata kwa ramani, nimezima data nikawasha tena.

Mzee wa Msata

Wakukupa pole wapo nami sitakupa. Miaka sita unalala na binti wa watu, unamzalisha, unanunua kiwanja, milioni na laki mbili mmekula, halafu unashangaa kuwekwa na dereva? Ulitaka ukae wapi, meza kuu? Corona imeisha lini? Vijana mna hela ya kiwanja, ya simu, ya jezi, ikifika mahari ndo uchumi mgumu. Mjukuu kutotajwa hapo walikosea, mtoto hana kosa, lakini wewe walikuheshimu sana. Enzi zetu ungerudi na bakora.

fundi_grili

Mzee shkamoo. Siku zote naona ulivyoandika ndo nilivyokuwa najiambia usiku, ila kiwanja kina jina lake na langu wote wawili, hilo sikulisema.

kitasa_kibovu

Mzee wa Msata punguza munkari, enzi zenu mahari ilikuwa jembe na mbuzi na baba yako ndo analipa. Leo kijana analipa mwenyewe, akimaliza mahari kuna sendofu, kuna kamati, kadi za mchango, ukumbi, mpiga picha wa juu kwa juu. Watu hawakimbii ndoa, wanakimbia harusi. Mimi kamati yangu ilikaa vikao kumi na moja, bajeti milioni kumi na nne, ikaja sita, deni nimemaliza mtoto wa kwanza anaanza chekechea.

mama_lao

Ngoja niongee upande wa pili maana hapa naona mnajadili aibu ya mwanaume tu.

Mimi nimeishi sogea tukae miaka nane, Mbagala. Nilianza na biashara ya vitumbua mpaka nikawa na mzani wa unga na maharage pale pale barazani. Tulinunua kiwanja Chanika, hela ya vikoba yangu mizunguko miwili iko mule ndani, lakini siku ya kuandikishana mauziano serikali ya mtaa nilikuwa na homa ya mimba nikabaki nyumbani, akaenda yeye na rafiki yake kama shahidi. Karatasi ina jina moja. Tukajenga, vyumba vitatu, tumehamia haijapigwa plasta. Mwaka uliofuata nasikia kwa muuza mkaa, jamani MUUZA MKAA, kwamba baba fulani anaoa kwao mwezi wa kumi na mbili. Nikamuuliza. Akaniambia "kwani wewe nilikuoa lini?" Nyie hiyo sentensi muisikie hivi hivi tu.

Nikaenda baraza la usuluhishi la kata, wakamwita mara tatu akaja moja, wakashindwa kutupatanisha wakanipa fomu nikaenda mahakama ya mwanzo. Yeye kule anasema mi nilikuwa mpangaji mwenzake. Hakimu akaniuliza nina ushahidi gani. Nikaleta jirani wa ukuta mmoja. Nikaleta kadi za kliniki za watoto wawili. Nikaleta daftari la vikoba na tarehe za kutoa mkopo, na risiti za nondo ambazo nilikuwa nafungia vitumbua nusu zimechanika, mafuta matupu, hakimu anazishika kwa kalamu. Mjumbe akaja akasema mimi nawajua hawa ni mke na mume wameniletea pilau iddi zote. Nikapata. Sikupata nusu, nilipata chini ya nusu, na ilichukua mwaka na miezi minne ya kupanda daladala. Ila nilipata.

Kwa hiyo wewe fundi kama kweli kiwanja kina majina mawili basi una akili kuliko unavyodhani. Ila nenda kwao. Huyo dada ananyamaza kwa sababu mama yake amekufa na uongo wake wa mwisho haujarekebishwa. Nakuambia mimi mwanamke.

bila_kofia

mama_lao hiyo ya "mpangaji mwenzake" imenitoa machozi na kicheko kwa pamoja. Hongera mwamba.

Ila wakuu si sheria inasema mkiishi miaka miwili tayari ni ndoa? Sasa fundi ana sita, anaogopa nini?

kifungu_na_aya

Hili la miaka miwili linapotoshwa kila siku vijiweni, niliweke sawa.

Ni kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Hakisemi mkiishi miaka miwili mmeshaoana. Kinasema ikithibitika mwanaume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali ambayo watu wanaowazunguka wanawachukulia kama mke na mume, inakuwepo DHANA kwamba walifunga ndoa. Na dhana inakanushika. Mwenzio akileta ushahidi kwamba haiwezekani mkawa mlifunga ndoa, inaanguka. Mfano rahisi, mwanaume ana ndoa ya kanisani na mtu mwingine na haijavunjwa, hapo mkae hata miaka ishirini, hana uwezo kisheria wa kuwa na mke wa pili. Wadada wengi ndo wanakwama hapa, anaambiwa "mke wangu tuliachana zamani" kumbe waliachana kwa mdomo.

Hata ikikanushwa haimaanishi mtu anatoka mikono mitupu. Kifungu kidogo cha 2 kinampa mwanamke haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa amri nyingine kama inavyotoa kwenye talaka, ikiwemo mali na watoto. Ndo njia aliyopita mama_lao au karibu na hiyo. Na kwenye mgawanyo wa mali kazi za nyumbani nazo ni mchango, Mahakama ya Rufani ilishasema toka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Kila mwanasheria anaitaja ile kesi, ila wachache wanasema kwamba Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilitupwa, maana mumewe alishampa hela na mahakama ikaona ameitapanya. Kanuni alituachia sisi, yeye akarudi nyumbani hivyo hivyo.

Kuhusu bomani: kinachotakiwa ni tangazo la nia ya kuoa, siku 21, asipotokea mwenye pingamizi mnafungishwa. Mahari haijalipwa? Kifungu cha 41, ndoa haibatiliki kwa sababu hiyo. Kwa hiyo serikali haitakuuliza ng'ombe.

Ila fundi, kifungu cha 160 watu wanakikumbuka siku ya kugombana. Kwenye turubai la msiba hakiwezi kukusaidia kitu, ulitaka usimame useme "mheshimiwa mshehereshaji, kwa mujibu wa kifungu"?

chapati_mbili

😂😂😂 "kwa mujibu wa kifungu" naomba shada

pwani_shwari

Assalam aleykum ndugu zangu. Huku Tanga tunawaangalia tu. Ndoa kwetu walii, mashahidi wawili, mahari anayoitaka binti mwenyewe hata iwe msahafu, ijumaa baada ya swala mambo yamekwisha, halua inazunguka. Nyie mnajiwekea mlima halafu mnalala chini yake.

Nisiwe muongo lakini, na kwetu siku hizi wapo wanaosogea, tena wengi, ila kuna kitu kinaitwa ndoa ya mkeka. Jirani yetu alikuwa anaingia kwa binti wa watu saa nne usiku anatoka alfajiri, wazee wakamlia taimingi, kuja kushtuka nje kuna shehe, kuna baba, kuna wajomba na mkeka umeshatandikwa. Akaozeshwa na bukta na singlendi. Wako pamoja mwaka wa kumi na tisa huu, wana duka la vyombo. Kila wakigombana mke anamwambia "mi nimekuokota mkekani".

mtoto_wa_unguja

Nyongeza kidogo tu, hiyo sheria ya 1971 ni ya Bara. Huku Unguja na Pemba haituhusu, mambo ya ndoa ya Waislamu ni kwa Kadhi, na huko hakuna cha miaka miwili. Msije mkamfata mtu huku mkadhani mna dhana.

mtu_wa_nakuru

Salamu kutoka Kenya. Sisi hii kitu tunaita kam-wi-stei na ni nyingi sana huku Nakuru kushinda harusi. Korti yetu ya Juu ilitoa uamuzi Januari 2023, ikasema kudhaniwa ndoa isiwe ndio kawaida, iwe ni kwa nadra, na ikaweka masharti. Ile kesi ilikuwa ya watu wameishi pamoja kutoka miaka ya themanini, wanapigania ploti huko Dagoretti. Mama alikuwa na bwana mwingine wa ndoa kwa hivyo korti ikasema hakuna ndoa hapa, lakini ploti ikagawanywa asilimia 70 ya mama na 30 ya mzee, juu wote waliweka pesa. Kwa hivyo mapenzi ilikataliwa lakini mawe na simiti ikahesabiwa.

Na hiyo ya msiba hata huku iko. Kuna jamii bibi, yaani mke, akikufa kabla hujalipa ng'ombe hawakubali umzike mpaka ulipe, unaoa maiti. Bro shukuru ilikuwa ni mama mkwe na si yeye.

fundi_grili

mtu_wa_nakuru hilo sentensi lako la mwisho nimelisoma saa saba usiku nikaenda kuangalia kama anapumua. Sitanii.

salama_tu

Mimi nitaenda kinyume na wote. Niliishi na mwanaume miaka mitatu Mwanza. Nje kijana wa watu mpole, anaimba kwaya. Ndani akinywa anavunja. Kama tungeanza na kanisa saizi ningekuwa naambiwa vumilia, kiapo ni kiapo, wazee wa kanisa wangekuja na biblia zao. Nilikusanya nguo zangu kwenye mifuko miwili ya sandarusi saa tano asubuhi akiwa kazini, nikapanda basi. Hakuna talaka, hakuna kikao, hakuna kurudisha ng'ombe wa mtu. Kwa hiyo hii sogea tukae inayotukanwa hapa mimi iliniachia mlango wazi. Sisemi kila mtu afanye. Nasema mimi nilitoka.

mama_lao

salama_tu mdogo wangu, mlango ulikuwa wazi wewe ukatoka. Kwangu ulikuwa wazi vile vile, ila aliyepitia alikuwa yeye. Ndo shida ya mlango wenyewe.

Mzee wa Msata

Dada salama_tu umesema kweli na mimi sina jibu. Ila fundi hana tatizo la kuvunjwa vyombo, fundi ana tatizo la uvivu wa miguu. Fundi, tafuta mshenga. Usiende mwenyewe. Usitume hela kwa simu. Tafuta mtu mzima anayejua kukaa kwenye kigoda na kunyamaza, mpe barua na nauli.

fundi_grili

Wakuu nimekaa kimya siku kumi na nane, naleta mrejesho.

Nilifata ya Mzee wa Msata. Mshenga nimempata pale pale mtaani, mzee wa Kinyiramba mstaafu wa reli anayecheza bao na baba mwenye nyumba, kumbe kila siku napita namsalimia sijui hata kwao wapi. Nikamwambia kisa chote mpaka cha dereva. Akacheka sana halafu akaniuliza swali moja, "kwao ulipofika ulikaa wapi, kulia kwa moto au kushoto?" Mpaka leo sijui jibu sahihi lilikuwa lipi.

Akaenda na barua na shemeji yangu wa upande wa dada. Wakapokelewa vizuri, wakalala. Kwanza faini, yani kumchukua binti bila kubisha hodi, na ya pili ya mtoto. Faini zote mbili laki tatu na nusu na kreti mbili za soda. Wakaulizwa kwa nini jeneza lisihesabiwe, baba mdogo akajibu msiba haulipi mahari, na mshenga wangu akasema hapo alisema sawa. Kwenye mjukuu wa kumi shemeji mkubwa, yule aliyeandika ule wasifu, akaomba radhi mbele ya wazee. Kasema aliandika akiwa stationari kuna foleni na hakujua amwandike kama nani. Namwamini nusu.

Bomani pia tunaenda, tangazo tunaweka tukirudi Iramba, waifu ndo alisema, karatasi nayo iwepo. Kanisani atapanga yeye na mchungaji wake mambo ya kurudi kundini.

Kuongea ameanza kuongea. Siku mshenga anaondoka alimfungia chapati njiani akampa na kanga apeleke kwa shangazi yake. Halafu jioni akanigombeza kwa sababu nimeacha mlango wa friji wazi. Sijawahi kufurahi kugombezwa namna ile.

Sasa nilichorudi kuuliza ni hiki. Mshenga kaja na karatasi ya mahari imeandikwa kwa mkono. Ng'ombe nane, sita tunaweza kubadilisha na hela, wawili lazima waende kwa miguu. Mbuzi wawili. Blanketi la bibi. Koti la baba, baba yake alishafariki zamani, wameandika litachukuliwa na baba mdogo, hilo naelewa. Halafu namba tano wameandika "mkaja wa mama, laki mbili na kitenge". Mbele yake hakuna jina. Zingine zote zina jina la mpokeaji, hiyo wameacha wazi.

Waifu aliiona ile karatasi mezani akaisoma mpaka pale akaigeuza ikaangalia chini akatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Sitaki kumuuliza yeye. Wenye uzoefu, mama akiwa hayupo mkaja anapokea nani?

pwani_shwari

Mama mdogo wake. Kama hayupo, dada yake mkubwa wa tumbo moja.

mama_lao

Mama mdogo anashika tu mkononi mbele ya watu. Kitenge chagua wewe mwenyewe, usitume mtu. Alikuwa anapenda rangi gani?

fundi_grili

Kijani. Alipokuja kutolewa mtoto wa jicho, siku wanamfungua bandeji alikuwa amevaa kijani, akaniangalia mara ya kwanza vizuri akasema kumbe mkwe wangu mweusi hivi. Kesho naenda Kariakoo.

chapati_mbili

Mkuu ukienda Kariakoo nishtue, na mimi kuna kitenge nahitaji cha Njombe.